Habari za Kaka Danford

Kila Jumapili baada ya ibada, familia ya Mzee Yesaya Nzowa wa Ihanda ilikula mapema. Mama alipakua ugali na maharage, binti yao Tusekile akaosha vyombo, kisha wote watatu wakaketi barazani kusikiliza habari za Danford. Saa nane mchana pale Ihanda ilikuwa saa moja jioni Uchina, na huo ndio muda ambao Danford alikuwa ametoka darasani na kula.

Tusekile ndiye aliyesoma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mama alisoma Biblia yake yenye maandishi makubwa lakini simu aliiogopa. Kabla ya kusafiri, Danford aliwaachia simu yake na kumfundisha mdogo wake kutumia programu ambayo watu wa kule huitumia kuandikiana. Hakuna mwingine nyumbani aliyejua kuifungua.

Danford alikuwa kaka wa pekee wa Tusekile. Alimaliza kidato cha sita kwa alama za juu, akapata ufadhili wa kusomea uhandisi wa madaraja katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uchina. Kitongoji chao hakikuwahi kutoa mtu wa kwenda kusoma chuo kikuu ng'ambo. Mwaka wa kwanza alitakiwa kujifunza Kichina tu. Akifaulu mtihani wa lugha, ndipo angeanza uhandisi.

Miezi ya mwanzo habari zake zilikuwa tamu. Aliandika juu ya maktaba yenye ghorofa sita, juu ya karakana ambamo wanafunzi hujenga daraja dogo na kulitikisa kwa mashine mpaka livunjike, ili wajue kosa liko wapi. Aliandika juu ya rafiki yake kutoka Mali na mwingine kutoka Laosi, na jinsi walivyopika pamoja vyakula vya kwao. Aliandika kwamba treni ya kule ingeondoka Tunduma asubuhi na kufika Dar es Salaam kabla watu hawajala chakula cha mchana. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Endelea, mama," alimwambia Tusekile. "Soma tena hapo pa treni."

Ulipofika mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, Danford aliandika kwamba baridi ilikuwa kali mno na kwamba Kichina kilikuwa kigumu. Baba akatikisa kichwa. "Mwandikie kwamba mtoto wa Mbozi haogopi baridi. Mwambie akaze." Tusekile akaandika hivyo hivyo. Baada ya hapo Danford hakutaja tena baridi.

Mwezi wa saba, wakati kahawa imeanza kuiva na mikono ya kila mtu imeshika utomvu, Tusekile alifungua simu Jumapili kama kawaida. Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Tuse, usisome kwa sauti. Nimefeli mtihani wa lugha. Zimepungua alama kumi na nne. Wamenipa nafasi nyingine mwezi wa kumi na mbili. Waambie baba na mama nimefaulu. Nikifaulu huo wa pili, hakuna atakayejua. Nakuomba, mdogo wangu."

"Mbona umenyamaza?" baba aliuliza.

"Mtandao, baba. Unafunguka polepole."

Mama aliacha kuchambua mchicha, akamtazama. Tusekile alimpenda kaka yake kuliko mtu yeyote, na kaka huyo hakuwahi kumwomba kitu.

"Anasema amefaulu," alisema.

Mama aliimba wimbo wa kanisani akiwa bado amekaa. Jumapili iliyofuata baba alivaa koti lake la sherehe, akasimama mbele ya waumini na kutoa shukrani kwa ajili ya mtoto wake. Watu walipiga makofi. Mchungaji aliwaombea vijana wote wa Ihanda wafuate njia ya Danford. Tusekile alitazama sakafu mpaka ibada ikaisha.

Shuleni, Mwalimu Felix aliandika jina la Danford ubaoni na kuwaambia darasa la sita kwamba jina hilo lilianzia kwenye madawati yale yale waliyokalia. Tumaini, msichana aliyekaa dawati moja na Tusekile, alimgusa bega.

"Kaka yako ana akili mpaka basi," alisema. "Mwambie atutumie picha yuko darajani."

"Nitamwambia," Tusekile alijibu.

Tangu siku hiyo alianza kutunga. Ujumbe wa Danford ulipokuwa na maneno matatu, yeye aliongeza mengine thelathini. Alitunga profesa mpole aliyemsifu Danford. Alitunga daraja lenye nguzo arobaini. Baba alipotaka kuzungumza naye kwa sauti, Tusekile alisema mtandao wa kule ni mbaya, kama Danford alivyomwelekeza. Baba aliridhika, kwa sababu habari zilikuwa nzuri.

Habari za kweli alizisoma peke yake, nyuma ya jiko, akitoka kuchota maji. Danford alikuwa amerudishwa katika darasa la wageni wapya. Wenzake wote, hata yule rafiki wa Mali, walihamia jengo jingine kuanza masomo yao. "Mwalimu anaongea, mimi nasikia mvua kwenye bati," aliandika. Kadiri miezi ilivyokwenda, aliandika kwamba hapiki tena, kwamba jua linazama saa kumi jioni, kwamba hakumbuki siku gani alizungumza na mtu mara ya mwisho.

"Kaka, mwambie mwalimu wako kwamba huelewi," Tusekile alimwandikia.

"Nimwambie kwa lugha gani?"

"Basi mwambie baba."

"Baba alishatoa shukrani kanisani," Danford alijibu.

Tusekile naye alianza kuharibikiwa. Alisahau kazi za shule. Usingizi ulimjia darasani. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka alikuwa wa ishirini na tisa, yeye ambaye hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tano. Mama alimuuliza kama anaumwa, akasema kichwa. Mama akampa dawa ya kichwa.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ilikuwa imeshika na shule zimefungwa. Jumatano moja asubuhi, Tusekile na mama walikuwa shambani wakipanda mahindi, mama akichimba mashimo kwa jembe, Tusekile akifuata nyuma na mbegu. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Ilipotetemeka aliitoa akaisoma akiwa amesimama.

"Nimefeli tena. Ufadhili umekwisha. Viza yangu inaisha mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Siwezi kurudi huko kuwa kichekesho cha watu. Nimechoka, Tuse. Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Usiniandikie tena."

Alimwandikia papo hapo. Hakukuwa na jibu. Akaandika tena, na tena, mara nane. Alipopiga, simu iliita mpaka ikakatika. Mama alikuwa amefika mwisho wa mstari na kugeuka, akamkuta mwanawe amesimama palepale, mbegu zimemwagika miguuni.

"Tusekile, kuna nini?"

Kwanza alitaka kusema mtandao. Neno lilifika mdomoni, likakataa kutoka.

"Mama, kaka hakufaulu," alisema. "Hakufaulu hata ule wa kwanza. Nilikuwa nasoma uongo."

Alisema yote. Alipofika kwenye ujumbe wa siku ile, alimsomea mama neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza. Mama alikaa chini kwenye udongo uliolowa, jembe likiwa bado mkononi.

"Tangu lini unalijua hili?"

"Tangu mwezi wa saba."

"Miezi mitano." Mama alimshika mkono. "Miezi mitano umebeba mzigo huu na mimi nakupa dawa ya kichwa."

Hakumpiga, wala hakumkaripia. Alinyanyuka, akaacha jembe shambani, akaenda kumtafuta baba. Alikuwa nyuma ya nyumba akirekebisha kichanja cha kuanikia kahawa. Mama alimweleza. Baba alisikiliza akiwa ameshika nyundo, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Nilisimama mbele ya watu wa Mungu," alisema taratibu, "nikashukuru kwa jambo ambalo halipo." Akamgeukia Tusekile. "Wewe ulikuwepo. Ulinitazama nikisimama."

Baba aliweka nyundo chini akaelekea ndani. Mama alimfuata mpaka mlangoni.

"Yesaya," alisema, "aibu inaweza kusubiri. Mtoto huenda asisubiri."

Baba aligeuka akarudi. Kisha akaomba simu. Alipiga yeye mwenyewe, Tusekile akimwonyesha pa kubonyeza. Iliita mara kumi na mbili siku ile. Danford hakupokea.

Mama alikumbuka kwamba katika mkutano wa akina mama wa kanisa alikutana na mwanamke mmoja wa Itumba, fundi cherehani, ambaye binti yake alikuwa akisomea udaktari huko huko Uchina. Namba yake ya simu hakuwa nayo. Alfajiri iliyofuata wote watatu walishuka mpaka njia panda ya Mpemba, wakapanda gari la kwenda Itumba wilayani Ileje. Milima ilikuwa kijani na mahindi yalikuwa yamechomoza. Itumba waliulizia karibu na ofisi za wilaya, wakaonyeshwa kibanda chenye cherehani mbili.

Yule mama aliwasikiliza, akaondoa kitambaa kwenye cherehani, akampigia binti yake. Yule binti, Irene, alipokea mara moja.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba. Nitajieni jina la chuo chake na jengo analokaa."

Tusekile alimtajia. Irene alikuwa mji mwingine, safari ya saa sita kwa treni.

"Kesho sina mtihani," alisema. "Naondoka leo hii. Pale chuoni kwao kuna Watanzania wawili ninaowafahamu, nawapigia sasa hivi wakagonge mlango wake. Msizime simu."

Ijumaa saa nane mchana, barazani pale Ihanda, simu iliita. Alikuwa Irene.

"Yuko hai, mama," alisema kabla ya salamu. "Nipo naye."

Mama alifunika uso kwa kanga. Irene aliwaeleza kwamba wale vijana wawili waligonga mlango wa Danford kwa muda mrefu kabla hajafungua. Chumba kilikuwa na giza, pazia limefungwa, naye amekonda na hajala chakula cha moto kwa siku nyingi. Walikuwa wamempeleka hospitali ya chuo, daktari akazungumza naye, na mpaka asafiri hataachwa alale peke yake.

"Ule mtihani je?" baba aliuliza. "Hakuna namna?"

Irene alisita. "Nimeenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, baba. Nimewaomba sana. Wamesema kwamba angekuja mwezi wa saba wangempa mwalimu wa ziada, bila malipo. Na kuna mshauri pale wa wanafunzi wanaolemewa. Danford hakufika hata siku moja. Sasa faili lake limefungwa."

"Wewe uliwezaje, mwanangu?"

"Mimi nilifeli majaribio matatu ya mwanzo," Irene alisema. "Nililia wiki nzima, kisha nikampigia mama nikamwambia ukweli. Aliniambia niende nikaseme kwa mwalimu, hata kwa ishara. Nikaenda. Baba, sijutii kuja. Nimejifunza kwa vifaa ambavyo sikuwahi kuviona, na nimeishi na watu wa dunia nzima. Lakini huku ukinyamaza, hakuna jirani wa kukuuliza mbona leo hukutoka nje. Unaweza kupotea huku umelala kitandani kwako."

Kisha alisema anampa Danford simu. Walisikia pumzi tu.

Tusekile alimtazama baba. Alidhani angeuliza juu ya uongo, juu ya kanisa, juu ya miezi mitano.

"Danford," baba alisema. "Umekula?"

Upande wa pili mtu alianza kulia. Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza.

"Nimekula, baba," alisema mwishowe. "Irene amepika uji."

"Rudi nyumbani," baba alisema. "Rudi ulivyo."

Danford alirudi mwishoni mwa mwezi wa kwanza kwa tiketi ambayo ilikuwa sehemu ya ufadhili. Alishuka kwenye basi la Dar es Salaam saa sita mchana, manyunyu yakidondoka, na begi moja. Hakuna aliyeimba. Mama alimkumbatia, baba akabeba begi. Njiani walikutana na watu waliokuwa wamepiga makofi kanisani, wakasalimiana nao, na watu hao wakageuka kuwatazama walipokwisha kupita.

Jumapili hiyo baba alisimama tena mbele ya waumini, akasema ukweli. Alisema mtoto wake alishindwa masomo, akaugua kwa huzuni, na kwamba shukrani ile aliitoa bila kujua. Hakuna aliyepiga makofi. Baadhi walimpa mkono mlangoni, wengine walipita upande wa pili.

Shule zilipofunguliwa, kabla Danford hajarudi, Tusekile alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Mwalimu Felix kumweleza. Mwalimu alimshukuru kwa kusema. Tumaini hakuwa mwepesi hivyo. "Kumbe ulikuwa unanidanganya kila wiki," alisema, akahamisha daftari zake dawati jingine. Mpaka mwaka ule ulipoisha hakurudi. Tusekile aliumia, lakini alijua kwamba Tumaini hakuwa amekosea.

Danford alikaa miezi mingi bila kusema mengi. Alichuma kahawa na baba, akala alichopewa, akalala mapema. Kila baada ya wiki mbili mama alimsindikiza hospitalini Vwawa kuzungumza na mshauri. Kuna siku alirudi akiwa mwepesi kidogo, na kuna siku hakutaka kutoka chumbani. Katikati ya mwaka aliomba nafasi ya kusoma stashahada ya ujenzi katika chuo kimoja jijini Mbeya, akakubaliwa. Haikuwa ile ndoto yake. Wenzake wa kidato cha sita walikuwa wakiingia mwaka wa tatu chuo kikuu, na yeye alikuwa anaanza ngazi ya chini yao. Alipoisoma barua ya kukubaliwa hakutabasamu. Aliikunja tu akaiweka mfukoni.

Siku moja kabla hajaondoka kwenda Mbeya, walikuwa wote wanne shambani wakimalizia kahawa ya mwisho. Tusekile alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa darasa la saba na alikuwa akisubiri matokeo. Alikusanya ujasiri akauliza jambo lililomsumbua mwaka mzima.

"Baba, mimi nikija kupata nafasi ya kusoma nje ya nchi, utaniruhusu?"

Danford aliacha kuchuma. Baba alimwaga kahawa yake kwenye gunia, akakaa pembeni mwa shina.

"Nitakuruhusu," alisema. "Elimu ya ng'ambo ni nzuri. Irene ataponya watu kwa elimu hiyo. Lakini sikilizeni, ninyi wawili. Danford, si kufeli kulikokufukuza kule. Wengi hufeli, wakainuka. Kilichokuangusha ni kuficha, maana msaada ulikuwa mlango wa pili na hukugonga. Tusekile, wewe ulidhani unamlinda kaka yako. Siri inayomdhuru mtu haitunzwi. Inapelekwa kwa mkubwa siku hiyo hiyo, hata kama aliyekupa anakusihi usiseme."

"Nimeelewa, baba," Tusekile alisema.

"Bado sijamaliza. Kosa kubwa ni langu." Baba aliinamisha kichwa. "Mtoto aliniambia anaumia, nikamwambia akaze. Nilitaka habari njema, na watu wa nyumba yangu wakajifunza kunipa habari njema. Mzazi anayemtuma mtoto mbali lazima awe tayari kusikia mabaya, tena ayaulize yeye mwenyewe kabla hajaambiwa. Mimi nilichelewa. Nafasi ile imekwenda na haitarudi, sitawadanganya kwamba itarudi. Mwanangu ninaye."

Danford alitazama mikono yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Baba, naogopa kwenda Mbeya."

"Vizuri," baba alisema. "Umesema. Sasa tuambie unachoogopa."

Mama akasogeza kikapu chake karibu, Tusekile akakaa chini, na Danford akaanza kuwaeleza.